Uliniona Nikiijaza?

Saskatoon, 3 Desemba 1990

Daryna mwanangu,

Nimekuficha jambo tangu ungali mtoto wa kubebwa. Linahusu dhoruba iliyomuua baba yako, na linahusu taa ya dirishani. Mama yangu naye nilimficha, na kwa kuwa mmekwisha kumzika, kwake nimechelewa. Kwako sijachelewa, ingawa madaktari hapa hawaniahidi siku nyingi.

Usipige simu tena. Tangu waliponitoa koo sina sauti hata ya kunong'ona. Siku ile muuguzi aliponishikia simu sikioni nilikusikia ukisema, "Ba'mdogo, amekwenda. Bibi amekwenda." Ukaita, "Ba'mdogo? Upo?" Nikagonga simu kwa kalamu. Sijui kama ulisikia.

Nilitaka kuandika yote leo. Nimekaa na karatasi hii tangu waliponiletea uji, na sasa wanapitisha chai. Niambie kwanza alivyokufa, na mlivyomzika. Najua huu ni woga wa mtu anayezunguka nyumba badala ya kuingia mlangoni, lakini nitaingia. Alikuwa na miaka tisini na saba, na mimi ni mwanawe wa mwisho, na sikutupa hata udongo.

Baba yako mdogo,
Orest

*

Kalynivka, 10 Desemba 1990

Shikamoo Ba'mdogo,

Nilisikia ukigonga. Nilidhani ni simu mbovu, kisha nikaelewa, nikakaa chini palepale jikoni nikalia na mwiko mkononi.

Alikufa kitandani mwake, nikiwa nimemshika. Ardhi imeganda mwaka huu kama chuma. Wanaume waliwasha nyasi kavu na matairi ya trekta juu ya mahali pa kaburi mchana kutwa, ndipo sururu ikaingia. Moshi mweusi ulifika mpaka kanisani. Mama Stefka Boychuk, unamjua mdomo wake, akasema, "Yevdokha angeuona moto huu angetuuliza mara tatu kama tumeuzima." Watu wakacheka wakiwa na machozi. Jeneza lilipofungwa akaongeza, "Mmeona likifungwa? Semeni mmeona, la sivyo atatoka aje kukagua mwenyewe." Hata padri aligeuka akacheka ukutani.

Ndivyo alivyokuwa, nawe unajua. Akitia chumvi: "Daryna, umeniona nikitia?" Akifunga banda la kuku: "Umeniona?" Na taa! Mimi nilikuwa shahidi wa taa tangu nilipojua kusimama. Kila siku ya baridi, jua likiwa bado juu, ananiita dirishani. Anamimina mafuta, anafuta chemni, kile kioo cha taa, ananiinamishia taa niione.

"Imejaa?"

"Imejaa, Bibi."

"Sema tena."

"Imejaa!"

"Nani kaijaza?"

"Wewe, Bibi. Nimekuona."

Hapo ndipo anaiwasha. Umeme ulikuja, jirani wakaweka balbu mpaka kwenye vibanda vya mbwa, yeye bado na taa yake. Nilipokuwa na miaka tisa nilimuuliza kwa nini. Alinikalisha akaniambia bila kuzunguka: "Baba yako alikwenda mjini kukuletea dawa ya kifaduro. Dhoruba ikamkuta njiani. Taa ya dirishani ilikauka kwa sababu nilisahau kuijaza, akaizunguka nyumba yake mwenyewe asiione, akaganda penye ua. Mimi ndiye niliyemuua. Ukikua unaweza kunichukia, nitaelewa."

Nani humwambia mtoto hivyo? Lakini yeye alimwambia. Akaamka akanipikia chapati za viazi.

Sasa nikwambie ukweli, Ba'mdogo. Siri yako naijua. Hukumsamehe kamwe. Kila mkesha wa Krismasi tulikuwekea kijiko, na kila mwaka ukaja na neno: barabara, mitihani ya kusahihisha, mafua ya marehemu mkeo. Mama Stefka anakuita Mwalimu Mkuu wa Visingizio. Bibi alikuwa anamnyamazisha: "Mwacheni. Ana haki."

Sikuhukumu. Mwenzako nimefanya baya zaidi. Unaijua desturi ya mezani, kabla hatujagusa ngano na asali kila mtu humwomba mwenziwe msamaha, na mwenziwe hujibu, "Mungu na akusamehe." Mimi Bibi aliniomba kwa magoti, kila mwaka, tangu nikiwa mdogo mpaka nywele zangu zikaingia mvi. "Nisamehe kwa taa, Daryna." Mkesha wa Januari mwaka huu, na magoti yale ya miaka tisini na sita, alishuka tena sakafuni. Nilikuwa nimechoka, nimepika vyakula kumi na viwili vya mkesha peke yangu. Nikamwambia, "Inuka, Bibi, supu inapoa." Sikumjibu. Akabaki chini kidogo akinitazama, kisha akajivuta kwa mguu wa meza akasimama. Na ndiyo ilikuwa mara ya mwisho.

Arobaini yake inaangukia mkesha wenyewe wa Krismasi kwa kalenda ya kanisa letu, tarehe sita Januari. Nitaweka sahani yake mahali pa wafu, kando ya sahani ya baba. Ukoo wote utakuwepo, na jirani. Nataka nisimame mbele yao niseme nimemsamehe kosa la taa, nilitamke jibu nililomnyima. Nawe msamehe, kama bado hujaweza. Wewe ndiye msomi wetu. Niandikie maneno ya kusema.

Binti yako,
Daryna

*

Saskatoon, 17 Desemba 1990

Daryna mwanangu,

Umenihukumu kwa upole kuliko ninavyostahili, na umekosea. Lakini maneno uliyoomba nitayaandika, maana maisha yake hakuna aliyebaki anayeyajua kuliko mimi.

Sema hivi. Sema alivuka bahari akiwa mtoto, kutoka kijiji ambacho hakukiona tena, na kwamba nyumba yao ya kwanza hapa ilikuwa shimo lililoezekwa kwa udongo wenye majani. Sema mumewe, baba yetu, alifukiwa na kisima alichokuwa akikichimba, na kwamba alipokwisha kuzika alirudi akakimaliza kisima chenyewe, kwa kuwa ng'ombe walikuwa na kiu. Maji mnayokunywa mpaka leo ni hayo. Sema aliwapokea watoto wa Kalynivka yote kwa mikono yake, akiwemo Stefka mwenyewe, ambaye alitoka akipiga kelele na hajanyamaza. Sema mama yako alipofariki kwa uzazi, bibi yako alikutia ndani ya gauni lake, ngozi kwa ngozi, akalima bustani nawe kifuani.

Sema pia alikuwa na akili kali kupita sisi sote. Hakujua kusoma. Lakini aliweza kutaja kila ng'ombe aliyewahi kuzaliwa zizini, na mama yake ng'ombe huyo, na mwaka wenyewe. Nataka hili ulitie nguvu. Hakuwa msahaulifu. Yale maswali yake, "umeniona, umeniona," hayakuwepo kabla ya dhoruba. Kabla ya hapo akifunga mlango, amefunga.

Sasa dhoruba. Ulikuwa na mwaka mmoja na miezi, unakohoa mpaka unageuka rangi ya bluu. Asubuhi kaka Wasyl, baba yako, alifunga farasi akaenda mjini kwa dawa. Mimi nilikuwa na miaka kumi na saba, na siku tatu mbele yangu palikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha ualimu. Wasyl alinitania mlangoni: "Soma, profesa. Mmoja wetu lazima ajifunze kuvaa tai. Mimi ikinikaba nitaonekana ng'ombe wa mnada." Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu.

Upepo uligeuka baada ya chakula cha mchana. Unajua sheria ya nchi hii: dhoruba ikiinuka, kila nyumba huweka taa kwenye dirisha linalotazama njia, na taa hiyo haiguswi mpaka kuche. Mama aliiweka. Kisha akaingia nawe chumba cha nyuma, karibu na jiko, akakufunika shuka juu ya sufuria ya mvuke. Tangu hapo hakutoka, maana kila alipokuweka chini ulikatika pumzi. Dirisha la njia halionekani kutoka chumba hicho.

Taa zilikuwa mbili. Mchana uleule mimi niliipasua chemni ya ile ya pili, nikiifuta kwa haraka na kitambaa chenye maji. Bila chemni ilikuwa inatoa moshi tu. Hilo pia nililificha.

Kalamu naiweka hapa. Muuguzi anasema nilale.

Orest

*

Kalynivka, 26 Desemba 1990

Ba'mdogo wangu,

Chemni! Miaka yote hii umebeba chemni? Nimecheka, nisamehe, nimecheka jikoni peke yangu kama kichaa, kisha nikakuonea huruma. Ulikuwa kijana, ukavunja kioo. Kama zingekuwa taa mbili nzima, labda ya pili ingekuwa dirishani pia, ndivyo unavyofikiri? Ndiyo maana hukuja mezani? Ba'mdogo, hilo si deni. Mungu na akusamehe. Haya, nimelitamka, limeandikwa, limetiwa stempu. Mama Stefka nilimsomea kipande kile kinachomhusu. Anasema ukipona atakuja kukupigia kelele hukohuko.

Maneno yako ni mazuri. Nimeyaandika upya kwa herufi kubwa nisikwame mbele za watu. Ila pale pa kusema hakuwa msahaulifu nimepalegeza kidogo, maana litakalofuata ni lile la taa, na watu watashangaa. Nitamaliza hivi: "Alisahau jambo moja tu maishani mwake, na alililipa kila siku. Bibi, Mungu na akusamehe, nami nakusamehe." Je, linafaa? Niambie kama lina kasoro.

Kuna kitu sikukuandikia mara ya kwanza. Ulitaka kujua alivyokufa, nami nilikupa nusu.

Siku zake za mwisho akili ilikuwa inakwenda na kurudi. Alikuwa ananiita kwa jina la mama yake. Mchana mmoja aliamka akiwa na macho makali, kama yale ya zamani, akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo. Akasema, "Niliijaza."

Nikasema, "Nini, Bibi?"

"Taa. Naiona. Nimesimama pale, mkebe wa mafuta uko mkono huu, kitambaa cha bluu begani. Mafuta yalimwagika kidogo kwenye kidole nikajipangusa kwenye aproni. Niliijaza, Daryna."

Alirudia siku nzima. Niliijaza, niliijaza. Alikuwa anahangaika, anataka kushuka kitandani akaangalie. Nesi wa wilaya aliniambia wazee huota hivyo, wanajitengenezea kumbukumbu ya kuwatuliza, na kwamba nisibishane naye. Lakini yeye hakuwa anatulia, alikuwa anateseka! Nikaona heri nimpe kweli pamoja na upendo. Nikamshika uso nikamwambia, "Bibi, hukuijaza. Ulisahau. Ba'mdogo Orest mwenyewe alikuwepo, angekuona. Imekwisha, ulisahau tu, pumzika."

Kisha akasema, "Orest hakuniona?"

"Hakukuona, Bibi. Wewe mwenyewe ulinisimulia."

Akasema, "Basi nilisahau." Akageukia ukuta. Hakusema neno jingine mpaka alipokata roho kesho yake.

Nilifanya vizuri, sivyo? Niandikie kwamba nilifanya vizuri. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si dhoruba wala chemni.

Tarehe sita nitakuwekea kijiko chako kama kawaida. Tutapuliza viti kabla ya kukaa, maana wafu huja mezani usiku huo, tusije tukamkalia Bibi. Nitapuliza na cha kwako, kwa niaba yako.

Binti yako anayekupenda,
Daryna

*

Saskatoon, 1 Januari 1991

Daryna,

Barua yako imefika jana. Hii ataipeleka muuguzi kwenye basi la leo, nimemwomba kwa kumwandikia ubaoni, na ameapa. Lazima ikufikie kabla ya tarehe sita. Usisimame mbele ya watu na maneno yale. Yachome.

Hukufanya vibaya. Ulimwambia ulichofundishwa, na aliyekufundisha alifundishwa na mimi. Lakini usiniambie tena Mungu na akusamehe mpaka umalize kusoma.

Chemni ya taa yangu ilikuwa imepasuka, hilo umeshalijua. Darini kwangu kulikuwa giza, na nje giza lilikuwa limeingia kabla ya saa kumi na moja. Nilikuwa nimebakiza sura moja ya hesabu. Nilishuka jikoni nikasimama mbele ya dirisha la njia. Nje hapakuonekana kitu, weupe tu uliokuwa ukipiga kioo. Nikajiambia Wasyl si mjinga, atalala mjini kwa Boychuk, mtu yeyote mwenye akili angelala. Nikajiambia ukurasa mmoja. Nyuma ya mlango nilikusikia ukikohoa na mama akikuimbia. Nikaichukua taa dirishani, nikapanda nayo darini.

Dari ile, unaijua, haina dirisha upande wa njia.

Sikusoma ukurasa mmoja. Nilimaliza sura, nikarudia nyingine, nikafanya maswali yote ya nyuma ya kitabu. Utambi nilikuwa nimeupandisha juu kabisa ili nione vizuri, ukawa unakunywa mafuta kama mlevi. Mara moja nilisikia kitu ukutani, chini, upande wa ghala. Kama kugonga. Nilidhani ni ubao uliolegea. Bado nadhani ni ubao. Sina njia ya kujua, na nimeusikia ubao huo kila siku ya maisha yangu.

Mwanga wa taa ulipoanza kufifia na kuwa mwekundu nilishuka nikairudisha taa mahali pake. Ilizimika mbele yangu. Sikuijaza tena, mkebe ulikuwa chumba cha nyuma, kwa mama, na ningeuchukua angejua. Nikalala.

Asubuhi dhoruba ilikuwa bado. Mama alitoka nawe begani, umelala, homa imeshuka. Alikuwa anatabasamu. Alikwenda dirishani, akainyanyua taa, akaitikisa sikioni. Haikutoa sauti yoyote. Nikaona uso wake ukibadilika. Haukuwa uso wa mtu aliyekosa. Ulikuwa uso wa mtu asiyeelewa. Akatazama mikono yake.

Akaniuliza, "Orest, jana uliniona nikiijaza taa?"

Wakati huo hatukujua lolote juu ya Wasyl. Ningeweza kusema. Ningegombezwa, basi. Lakini niliona aibu ya kugombezwa, Daryna, kijana wa miaka kumi na saba anayekwenda kuwa mwalimu. Nikasema, "Sikuona, Mama. Nilikuwa nasoma."

Siku ya tatu upepo ulikatika tukampata penye ua, dawa yako ndani ya shati lake, chupa haikupasuka. Tangu hapo neno langu likawa kubwa kuliko mimi, nikashindwa kulirudisha. Mtihani niliukosa kwa msiba, wakanipa nafasi ya pili majira ya machipuko. Nikawa wa kwanza.

Ulisema sikumsamehe. Nilimsamehe, na hilo ndilo baya. Mkesha wa mwisho niliokaa meza ile, mwaka arobaini na sita, mama alinipigia magoti mbele yako, ulikuwa unachezea kijiko chako, akasema, "Nisamehe kwa ajili ya kaka yako." Na mimi, kwa sauti niliyokuwa nayo wakati huo, nikamjibu mbele ya watu, "Mungu na akusamehe, Mama." Alinibusu mikono. Sikuweza kurudi tena.

Hakuwa na haja ya shahidi, mama yangu. Alikuwa naye shahidi tangu mwanzo. Mwambie mezani, mahali pa sahani yake, kwa sauti, ili na wengine wasikie. Nilikuwa nimekaa ngazi ya dari na kitabu magotini. Alikuwa na kitambaa cha bluu begani. Alimimina mpaka juu, mafuta yakamwagikia kidole, akajipangusa kwenye aproni.

Aliijaza. Nilimwona.

Orest